Siku Tulipoipamba Nyumba ya Bibi Asiya

Bibi Asiya alizikwa Jumanne, na kufika Alhamisi nilikuwa nimekwisha kusikia uongo wa kunitosha mwaka mzima. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wengine, miguu imekufa ganzi, sahani ya pilau mapajani, nikimsikiliza Mama Fifi wa duka la kona akiwahadithia wageni waliotoka Bujumbura kuja kutoa pole. "Huyu bibi hakukosa kitu hapa kwetu," alisema, kijiko chake kikipiga hewa kwa kila neno. "Yeye na mjukuu wake, mtaa mzima tuliwabeba kama mayai." Wageni wakaitikia, mashaallah, mashaallah, mtaa wenye watu. Mama Fifi ni Mkatoliki lakini alizipokea hizo mashaallah kama zimeandikwa jina lake. Sauda, huyo mjukuu mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Hakumtazama Mama Fifi. Alinitazama mimi. Miaka minne sasa, mtu akisema uongo wa namna hiyo mbele yetu, Sauda hunitazama mimi, hanuni wala hacheki, anangoja tu aone nitafanya nini. Juzi sikufanya kitu. Nilimeza pilau. Nimerudi nyumbani nikayatoa madaftari yangu ya mwaka ule chini ya kitanda, na nimeyasoma mpaka hasira imenipanda kama homa. Nina miaka kumi na tisa. Watu watasema ni mapema kuandika kumbukumbu. Waseme. Wenye umri wa kuandika wako kwenye mkeka, wanasimulia mayai.

Sitaeleza tulitoka wapi na kwa nini Mama anaongea Kiswahili cha Bujumbura; kila familia kwetu Muhima ina hadithi yake ya kuvuka mpaka. Nitasema tu kwamba mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na mitano, darasa la pili la sekondari, na Mama alikuwa amechaguliwa kuwa rafiki wa familia. Mtaa wetu mdogo, ambao kiserikali ni mudugudu, yaani kijiji, ijapokuwa uko katikati ya jiji, huchagua mwanamke mmoja na mwanamume mmoja wa kujitolea. Wakisikia mtoto anapigwa, mtoto haendi shule, mume na mke hawapatani, wao ndio wa kwanza kubisha hodi. Mwanamume wetu alikuwa Mzee Bosco, fundi wa redio, lakini mwaka huo aliugua kifua akawa hatoki, kazi yote ikabaki kwa Mama. Mama ni fundi cherehani. Mkono wake hunyoosha mshono bila chaki, lakini ukishika kalamu unatetemeka. Kwa hiyo mwandishi nilikuwa mimi. Watu walikuja chumbani kwetu, wakakaa kwenye kitanda kati ya vipande vya vitenge, pasi ya makaa ikitoa moshi mlangoni, wakaeleza shida zao juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni mguu wa meza. Niliandika yote. Shuleni mwalimu alikuwa ameandika kwenye ripoti yangu: "Ana bidii, hasikiki." Pale nyumbani kutosikika kulikuwa cheo. Nakiri kwamba nilijiona mtu mkubwa sana.

Bibi Asiya alikaa chini yetu, ngazi kumi na moja za udongo, chumba kimoja na ubaraza. Babu zake walikuwa wafanyabiashara waliokuja kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha redioni, kimenyooka, kiasi kwamba sisi wengine tukimjibu tulijisikia tumevaa viatu miguu tofauti. Zamani alikaanga mandazi ambayo watu walishuka kutoka barabarani kuyafuata. Mwaka ule mguu wake wa kulia ulivimba hadi gotini, akawa hawezi kukaa mbele ya jiko, na biashara ikafa. Ndani kulikuwa na kitanda cha mbao chenye mkeka juu yake, cha Bibi, na mkeka wa pili chini, wa Sauda. Wakati wa mvua Sauda aliuviringisha mkeka wake saa za alfajiri kwa sababu maji yalipita chini ya mlango. Mchana walikunywa chai ya rangi na viazi vitamu vilivyopoa. Jioni ilitegemea. Sauda alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita, mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na alikuwa na akili ya kukera. Alikuja kufanyia kazi za shule mezani kwetu, akamaliza hesabu zake, kisha akageuza daftari langu na kusema, "Hii umekosea, dada. Na hii. Na hii umeiba kwa mtu aliyekosea." Jumamosi alifua nguo za watu. Jumatatu mara nyingine hakwenda shule, kwa sababu za watu zilikuwa hazijakauka na zake zilikuwa hizo hizo za juzi, zina tope.

Ndipo likaja shirika. Silitaji jina, halikutukosea. Lilikuwa linatafuta watoto walio karibu kuacha shule au kutenganishwa na familia zao, liwashike mkono pale pale nyumbani: vifaa vya shule, chakula cha mchana cha shuleni, bima ya matibabu, na mtu wa kuwatembelea kila mwezi. Marafiki wa familia walipewa karatasi za kujaza, ukurasa wa kwanza ukiwa ni hali ya nyumba, kisha mgeni wa shirika angekuja kuhakikisha kwa macho yake. Mama alimtaja Sauda wa kwanza, hata kabla hawajamaliza kueleza. Nilifurahi. Niliandika jina lake kwa herufi za kupendeza.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana sidhani kama lingefanyika mahali pengine. Kwetu, ukisikia wageni wanakuja kutazama nyumba, maana yake ni usafi. Mitaa inashindanishwa. Wanakuja watu na vitabu vyao, wanaangalia kama una bustani ya mboga jikoni, kama una kandagira ukarabe, kile kidumu cha maji chenye kamba unachokikanyagia kijiti ili unawe bila kukishika, kama vyombo vimeanikwa juu ya kichanja, kama watoto wana viatu. Mtaa wetu ulikuwa umeshika nafasi ya pili mara mbili, na Mama Fifi alikuwa hajasamehe. Kwa hiyo habari ilipoenea kwamba Alhamisi wageni watashuka kwa Bibi Asiya, hakuna aliyeuliza wanakuja kutafuta nini. Waliuliza tu wanakuja saa ngapi.

Walianza saa moja asubuhi. Mimi sikwenda shule, Mama aliniombea ruhusa kwa sababu ya karatasi. Mama Fifi alitangulia na kiti chake chekundu cha sebuleni, kimebebwa na vijana wawili wa kushusha mizigo, yeye nyuma yao akipiga kelele, "Taratibu! Hiyo kiti iko ya harusi!" Likaja zulia. Ikaja meza, ikaja thermos yenye maua, vikaja vikombe sita vinavyofanana. Mchicha uling'olewa bustanini kwa Mama Fifi ukapandikizwa chini ya dirisha la Bibi, ukasimama umelegea kama watoto waliofukuzwa darasani. Mtu akatundika kidumu cha kunawia. Mtu akaleta picha ya Makka, na Bibi, ambaye alikuwa amekaa ubarazani na mguu wake juu ya ndoo, akauliza, "Hii nayo ya nani?" Akaambiwa ni ya fundi viatu wa juu. "Haya," akasema, "na yeye leo anaswali wapi?" Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Bibi hakucheka. Alitazama vitu vikipita mbele yake, akasema, si kwa sauti kubwa, "Mficha uchi hazai." Wakacheka tena. "Bibi na methali zake, yewe!"

Kisha Mama akapanda ngazi akarudi na godoro langu kichwani. Nilimfuata hadi ndani. Nilimwona akilitandika juu ya kitanda cha mbao, na shuka letu la Krismasi juu yake. Godoro la pili, la Mama Fifi, lilikuwa limekwisha kuwekwa chini. Nikasema, "Mama, sasa watajuaje?" Mama alikuwa anavuta kona za shuka. "Watajua nini?" Nikasema, "Watajuaje kama hawana?" Akaninyooshea ncha ya shuka. "Shika huko, uvute. Unataka waseme mimi ni rafiki wa familia gani, ninaacha bibi anaishi hivi?" Nikashika. Nikavuta.

Mgeni alikuja saa nne, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba na sauti ya upole, tukamwita Madamu. Tulikuwa watu kama kumi na wanane ndani na nje. Alikaribishwa kiti chekundu. Alinyweshwa chai ya maziwa, maziwa ambayo nyumba ile haikuwa imeyaona tangu mfungo. Sauda alisimama pembeni ya pazia la kuazima, amevaa viatu vyangu, vidole vimekunjwa ndani maana vilimbana. Madamu alimwuliza Bibi, "Mna shida gani zaidi, Bibi?" Nilimwona Bibi akiutazama mlango. Mlangoni mlikuwa na vichwa, kichwa juu ya kichwa, vyote vinatabasamu. Vyote vilikuwa vimeleta kitu. "Tunamshukuru Mungu," Bibi akasema. "Majirani zangu hawa unaowaona." Vichwa vikaridhika. "Mnakula mara ngapi kwa siku?" Bibi akafungua mdomo, lakini dirishani Mama Fifi akawahi: "Mara tatu, Madamu! Na chai!" Kicheko kikazagaa, hata Madamu akacheka. Aliuliza mtoto analala wapi, akaonyeshwa. Akabonyeza godoro langu kwa kiganja. Kisha akachukua ile karatasi, ambayo Mama alikuwa amenitajia huku naandika: kitanda kimoja, magodoro mawili, bustani ipo, pa kunawia papo. Chini yake, pale palipoandikwa maelezo mengine, Mama alikuwa amesema andika kwamba wanaishi vizuri kwa ushirikiano wa majirani. Madamu akaniangalia. "Wewe ndiye mwandishi? Una mwandiko mzuri sana, hongera. Yote ni kweli?"

Nimeirudia sekunde ile mara nyingi kuliko sala yoyote. Alikuwa ameniuliza mimi. Sauda alikuwa mita mbili kutoka kwangu, na viatu vyangu. Nikaitikia kwa kichwa. Sikutumia hata sauti.

Vitu vilirudi kwa wenyewe kabla majani ya chai hayajapoa ndani ya thermos. Kiti kilitangulia. Mama Fifi alihesabu vikombe vyake. Mchicha uliachwa, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kunyauka. Wakati Mama anapanda na godoro langu, Sauda alikuwa anautandaza mkeka wake mahali pake, anausawazisha kwa miguu mitupu, na Bibi akasema kutoka ubarazani, "Asanteni sana, mmenistiri." Alimaanisha. Hilo ndilo linaloniuma hata leo amelala kaburini: aliwashukuru. Nami siku hiyo jioni niliandika kwenye shajara yangu kila kitu kilichoshuka zile ngazi na jina la mwenyewe, kwa mwandiko ule ule mzuri, halafu nikaifunga. Nilidhani kuandika ukweli mahali ambapo hakuna atakayesoma ni nusu ya kuusema.

Orodha ilibandikwa baada ya wiki tatu. Sauda hakuwemo. Waliokuwemo ni watoto wawili wa Nyirakamana, muuza pombe wa bondeni, ambaye mtaa mzima ulimchukia kwa matusi yake. Kwake hakuna aliyepeleka hata kijiko. Madamu aliikuta nyumba ilivyo, akaiandika ilivyo, na watoto wakasaidiwa. Watu wakaanza kulalamika kwamba shirika linapenda walevi. Mimi nilisimama mbele ya lile tangazo nikaelewa, nikiwa na miaka kumi na mitano, kwamba yule tuliyemchukia tulimfanyia wema zaidi kuliko yule tuliyempenda.

Mambo yalishuka haraka baada ya hapo, kama maji yanavyoshuka kwetu. Mguu wa Bibi ulipasuka ukawa kidonda. Sauda akawa anafua siku nne kwa wiki. Kisha siku moja niko nyuma ya pazia nabadilisha sare, Mama yuko kwenye cherehani, Mama Fifi akaingia akakaa. Alikuwa na binamu yake Kabeza, kule njia ya uwanja wa ndege, amejifungua, anatafuta msichana wa kumshikia mtoto. "Bibi amekubali," alisema. "Anasema angalau mtoto atakula." Cherehani ikaendelea. "Umri wake bado," Mama akasema. "Na mtihani uko karibu. Mimi ndiye ninapaswa kuzuia hii mambo." "Uzuie, uende ofisini useme nini? Kwamba yule mtoto ana godoro, anakula mara tatu, leo hana chakula? Wataomba ile karatasi. Watauliza nani alidanganya. Na sahihi iko ya nani, mama wee?" Cherehani ikanyamaza. Nilihesabu moyoni, nikafika ishirini na tatu. Mama Fifi akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayempangusa mwenzake vumbi, "Kabeza si mbali. Kule wanakula nyama." Cherehani ikaanza tena. Hiyo ndiyo sauti ninayoisikia watu wakisema mtaa wetu una umoja.

Nilikwenda Kabeza Jumamosi ya tatu tangu Sauda apelekwe, nikamwambia Mama nina mazoezi ya kwaya. Geti lilikuwa la bluu. Sauda alifungua kidirisha cha geti, mtoto mgongoni, kitambaa kichwani kama mama mtu mzima. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukuona."

"Umeniona."

Nikampitishia mfuko. Daftari zake, na ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga kwenye karatasi. Alichukua ndagala. "Daftari za nini, sha? Nimfundishe huyu?" Akamrusha mtoto kidogo mgongoni. "Huyu anajua kulia tu. Anafanana na wewe, ila yeye anasikika." Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwambia Bibi anamsalimu. Alitafuna ndagala watatu, akitazama barabara nyuma yangu.

"Ile karatasi," akasema. "Uliandika nalala wapi?"

"Kitandani."

"Kwenye godoro la nani?"

"Langu."

"Na usiku ule wewe ulilala wapi?"

"Kwenye godoro langu."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, vile vile nilivyomwitikia Madamu. Sijui kama alifanya makusudi. Ndani mwanamke akaita, "Weye! Hiyo geti inafunguliwa kwa nani?" Sauda akajibu, "Kwa mtu wa makosa, mama," akafunga.

Jumatano iliyofuata ilikuwa jioni ya wazazi, kikao cha mtaa ambapo familia hukaa kwenye mabenchi saa kumi na moja na kuzungumza mambo ya nyumbani. Mada ya siku hiyo, sitanii, ilikuwa haki za mtoto. Mama Fifi alisimama akasema mtoto wa jirani ni mtoto wako. Watu wakapiga makofi yale ya mpangilio. Mama alikuwa kwenye kiti cha mbele, mikono mapajani, kama mwanafunzi. Nilikuwa na shajara kwenye mfuko wa shule. Sijui nilisimamaje. Najua tu kwamba mwenyekiti wa kikao alisema, "Kuna kijana anataka kuongea, jamani, huyu ni mara yake ya kwanza, tumpigie makofi," na makofi yakapigwa, na nisingeweza kuongea hata kama wangenichoma. Kwa hiyo nilisoma. Nilianza na kiti chekundu na jina la mwenyewe. Sauti ilitoka kama ya paka. Nikasoma zulia na mwenyewe, meza na mwenyewe, vikombe sita, mchicha uliong'olewa asubuhi. Mwanzoni walicheka, wakidhani ni shairi la kusifu ushirikiano. Nilipofika kwenye magodoro kicheko kiliisha. Mama Fifi akainuka. "Huyu mtoto anatuvua nguo mbele ya watu! Mama yake yuko wapi?" Wote walijua yuko wapi. Nikaishusha shajara, na ningekaa, na yote yangeishia hapo. Lakini kule nyuma mtu akakohoa kikohozi kirefu. Alikuwa Mzee Bosco, amejifunga blanketi, siku yake ya kwanza kutoka nje. "Soma, mwanangu," akasema. "Mimi sikuwepo. Nataka kujua nilifanya nini." Nikasoma hadi mwisho: kwamba niliulizwa kama ni kweli, nikakubali. Kwamba Sauda yuko Kabeza, ana miaka kumi na mitatu, anafua kwa javeli, na mtihani ni baada ya wiki mbili.

Mama alitembea mbele yangu hadi nyumbani. Tulikula maharage na ndizi. Aliniwekea sahani kwa kishindo, mchuzi ukaruka. Kisha akasema, "Ungeniambia mimi kwanza."

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Ulipokuwa unatandika. Nilisema, watajuaje."

Mama alifikiri. Niliona amekumbuka, niliona lile shuka limepita machoni pake. "Ulisema polepole," akasema.

Ni kweli, nilisema polepole. Lakini chumba kile kilikuwa kimoja na tulikuwa wawili. Nimemsamehe Mama mambo mengi na hilo bado, kwa sababu kila mtoto mtaani kwetu husema polepole, na watu wazima wote wana hoja hiyo hiyo mfukoni.

Asubuhi yake alivaa gauni la kanisani, akamchukua Mzee Bosco na kikohozi chake, wakaenda Kabeza wakarudi na Sauda. Kisha akaenda kwa shirika peke yake, akasema kwa mdomo wake kwamba sahihi ni yake na karatasi ni ya uongo. Alirudi macho mekundu. Hawakumfokea, walisema orodha ya mwaka ule imefungwa, alete karatasi nyingine kwa ajili ya mwaka unaofuata. Shuleni wakasema Sauda amekosa masomo mengi mno, atarudia darasa. Mtihani ulifanyika, yeye akiwa ubarazani anamfunga Bibi mguu. Mwaka wake mmoja ulipotea hivyo. Wanaosema tuliwabeba kama mayai sijawahi kuwasikia wakiutaja.

Karatasi ya pili tuliijaza Jumapili, baada ya misa. Mama alishuka ngazi na mimi, na Mama Fifi, ambaye alikuwa ameacha kutusalimia lakini hakuacha kutufuata, akaja na kigoda chake. Mama akamwambia, "Samahani, Mama Fifi, leo tunafunga." Akafunga mlango. Sijawahi kuona mlango ukifungwa mtaani kwetu mchana kukiwa na watu. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya dawa ya kidonda. Mama akauliza, "Bibi, mna shida gani?" Bibi akasikiliza kama nje kuna mtu, kisha akaanza na chakula, akaenda kwenye mguu, akaenda kwenye paa, akaenda kwenye aibu ya kuomba chumvi kwa mtu yule yule mara tatu, na alipofika kwa Sauda akajifunika uso kwa mtandio. Nilijaza pande zote mbili za karatasi. Mama alipoichukua apige sahihi, Sauda, ambaye hakuwa amesema na mimi tangu arudi, akanyoosha mkono. "Lete kwanza."

Aliisoma yote, amesimama karibu na ufa wa mlango panapoingia mwanga. Alisoma kama anavyosoma hesabu, midomo imekazwa. Akashuka hadi mstari wa mwisho, akaweka kidole.

"Hapa umeandika mtoto ana tabia nzuri na heshima."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikasema watapenda, itasaidia.

"Na kama ningekuwa na tabia mbaya," akasema, "nisingestahili kwenda shule?"

Akanirudishia karatasi. "Futa."

Nikafuta. Mama akaitazama ile sehemu iliyochafuka, akaweka sahihi yake hapo chini. Kisha akampa Sauda kalamu, ingawa karatasi haikuwa na nafasi ya sahihi ya mtoto, na Sauda akaandika jina lake lote pembeni, ambapo hapakuwa na mstari.